ASKARI HANA CHAMA, AMIRI ANACHO



Januari 1964 askari wa Colito, Tabora na Nachingwea waliwaasi maofisa wao wa Kiingereza. Jeshi likavunjwa, na mwaka huo huo ikaundwa JWTZ, ili askari amtii raia. Hilo hatulipingi. Lakini raia yupi? Kifungu cha 148 cha Katiba ya 1977 champa Amiri Jeshi Mkuu uwezo wa kuwateua viongozi wa majeshi. Naye ni Rais, tena mwenyekiti wa chama kinachotawala. Kifungu cha 147 chamkataza askari kujiunga na chama; mwenye kumwamrisha askari hakatazwi! Nasi Visiwani, kwa kuwa ulinzi ni jambo la Muungano, Rais wetu hana amri hata juu ya kambi zilizo milangoni mwetu. Twadai uteuzi wa Mkuu wa Majeshi uthibitishwe na Bunge.