KUTOA ILI KUONA

Sisi wenye maduka twaijua hesabu ya kutoa: toa gharama katika mauzo, kinachobaki ndicho faida. Hesabu hiyo hiyo imewafunulia matabibu mishipa ya damu.

Mpira mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa, ikapigwa picha ya eksirei. Kisha hutiwa dawa yenye madini joto, ikapigwa ya pili. Kompyuta huitoa ya kwanza katika ya pili: mifupa hutoweka, ikabaki mishipa peke yake, na palipoziba pakadhihiri.

Fikra hii aliianzisha Ziedses des Plantes wa Uholanzi katika miaka ya 1930, kwa filamu. Charles Mistretta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wakaitia katika kompyuta miaka ya 1970.

Lakini mgonjwa akitikisika picha huharibika, na dawa ile yaweza kudhuru figo. Kazi hii yataka mjuzi. Basi twasema: Serikali inunuapo mtambo isihesabu bei yake tu, bali isomeshe na vijana wa kuutumia papa hapa kisiwani. Kiharusi hakingoji meli. Katika mtambo ukimtoa mjuzi, kinachobaki ni sanduku.