Kobalti yetu, bateri yao

Wandugu, mwaka 1980 John Goodenough na wenzake kule Oxford walionyesha kwamba kobalti ikiungana na lithiamu na oksijeni inafaa kuweka umeme ndani ya bateri. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu Kongo.

Mimi niko na diploma ya fizikia, kazi hakuna. Chuoni sikushika multimeta hata siku moja. Tulikopi ubao tu. Kupima nilijifunzia mtaani: nafungua bateri za kompyuta zilizokufa, nachagua seli zinazoshika chaji, taa inawaka umeme ukikatika.

Sheria ya madini ya 2018 inaweka 10% ya ushuru wa madini katika mfuko wa vizazi vijavyo. Bakubwa, kizazi kile ndiyo siye, tumeshafika! Labo ziko wapi? Tutauliza mpaka mujibu.