Nani Aliyewasha Moto? Udhibiti na Raha ya Uwongo katika Fahrenheit 451

Kuna mazoea yaliyokita mizizi miongoni mwa wahakiki ya kuisoma riwaya ya distopia kama kesi yenye mshtakiwa mmoja tu, yaani dola. Kwa mujibu wa usomaji huo, mtawala huviogopa vitabu, huvipiga marufuku, na raia mnyonge hubaki gizani akisubiri kukombolewa. Usomaji huu unaifaa Nineteen Eighty-Four ya George Orwell (1949), ambamo Winston Smith ameajiriwa kuandika upya magazeti ya zamani ili watawala wasionekane kuwahi kukosea. Unapohamishiwa Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury (1953), hata hivyo, unaipotosha kazi hiyo na, lililo baya zaidi, unamtakasa mtu ambaye mtunzi alikusudia kumshtaki: msomaji mwenyewe.

Ushahidi umo katika matini. Bradbury anasawiri Marekani ya baadaye ambamo wazimamoto hawazimi moto bali huchoma vitabu. Kapteni Beatty, mkuu wao, anapomweleza Montag asili ya kazi hiyo, haanzi na amri ya serikali. Anaanza na umma. Vitabu vilifupishwa kwa kuwa watu walikuwa na haraka. Vikalainishwa kwa kuwa kila kundi lilikuwa na jambo lisilotaka kulisikia. Mwishowe vikakosa ladha, wasomaji wakavitupa. Moto wa serikali ulikuja baadaye, kumalizia kazi iliyokwisha kufanywa.

Yamkini mhakiki atateta kwamba Beatty ni msemaji wa utawala na kauli yake haiaminiki. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau si Faber, profesa mzee aliyepoteza kazi chuo chake kilipofungwa kwa kukosa wanafunzi. Faber ni mpinzani wa utawala, lakini naye anakiri lilo hilo: watu waliacha kusoma kwa hiari yao. Mahasimu wawili wanapotoa ushahidi mmoja, mhakiki makini hana budi kuuzingatia.

Je, watu hao walipata nini badala ya vitabu? Beatty anajibu kwamba walipata furaha. Kitabu huzaa shaka, na shaka huzaa huzuni. Basi na kichomwe. Bradbury haiachi hoja hiyo isimame. Mapema katika riwaya, msichana Clarisse anamuuliza Montag kama ana furaha. Montag analicheka swali hilo, anaingia nyumbani, na kumkuta mkewe, Mildred, amemeza dawa za usingizi nusura afe. Wanaoitwa kumhudumia ni mafundi wa mashine, si madaktari, nao wanaeleza kwamba visa vya namna hiyo hufikia tisa au kumi kila usiku. Asubuhi Mildred hakumbuki lolote. Haja yake kuu ni ukuta wa nne wa televisheni. Baadaye Montag anapowasomea shairi marafiki wa mkewe, Bi. Phelps anabubujikwa na machozi bila kujua sababu, naye Bi. Bowles anaghadhabika kwamba ushairi huumiza watu. Huzuni ile haikuletwa na shairi. Shairi liliikuta imo, likaipa sauti.

Katika Brave New World ya Aldous Huxley (1932), raia hutengenezwa katika chupa na kutulizwa kwa dawa ya soma, hawakuchagua lolote. Raia wa Bradbury walichagua. Kwa hiyo hukumu yake ni kali zaidi.

Historia ya kitabu chenyewe inathibitisha hoja hii. Mwaka wa 1967 wachapishaji wake, Ballantine, walitoa toleo la shule ambamo sehemu zipatazo 75 zilikuwa zimebadilishwa ili vijana wasichukizwe. Kuanzia 1973 hadi 1979 toleo hilo lilikuwa ndilo pekee lililouzwa, mpaka Bradbury alipogundua na kudai matini asilia irejeshwe. Hakuna serikali iliyoamuru jambo hilo.

Mhakiki wa Kenya ana sababu ya kuinyoshea dola kidole. Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilipigwa marufuku mwaka wa 1977, na riwaya ya Matigari ikaondolewa madukani mwaka wa 1987. Majeraha hayo ni ya kweli na hayapaswi kusahauliwa. Lakini yanafunza jambo linalopuuzwa: kazi hizo ziliogopwa kwa kuwa zilikuwa na watu. Dola haina haja ya kukichoma kitabu ambacho hakuna anayekifungua.

Ndiyo maana kuna unafiki katika uhakiki unaolaani udhibiti wa serikali huku ukiunyamazia mwongozo wa mtihani. Mwanafunzi anayeusoma mwongozo mahali pa riwaya teule hupewa dhamira, wahusika na mbinu, vyote vimetafunwa. Hupita mtihani, naye hufurahi. Huo ndio ufupisho anaousimulia Beatty, na aghalabu huandikwa na wahakiki wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Idara ya fasihi inayotaka kupambana na wachoma vitabu haina budi kuanza kwa kuwadai wanafunzi wake, na walimu wake, kitabu kizima.