Kuonja Mvinyo kwa Kiswahili: Ladha Ipo, Istilahi Zi Wapi?

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili kinamudu kusimulia vita, mapenzi na siasa, lakini kikifikishwa mbele ya bilauri ya mvinyo husalia na maneno mawili tu: tamu na chungu. Dai hili halina mashiko. Kinachokosekana si maneno, bali ni makubaliano kuhusu maana zake.

Ikumbukwe kwamba uamuzi wa mvinyo ni jambo tete hata kwa wenyewe. Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwaandalia waamuzi tisa Wafaransa mivinyo ya Ufaransa na ya California, majina yakiwa yamefichwa. Akipenda, chongo huita kengeza; lakini siku hiyo hapakuwa na jina la kupendelewa. Mvinyo mweupe wa Chateau Montelena na mwekundu wa Stag's Leap Wine Cellars, yote miwili ya California ya mwaka 1973, iliibuka ya kwanza.

Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka Bordeaux ulidhihirisha udhaifu mwingine. Wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa msamiati wa mvinyo mwekundu. Naam, neno lisilofungwa kwenye kitu kinachonusika hufuata macho.

Dawa ya udhaifu huo ilipendekezwa mwaka 1984 na Ann Noble na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Waliacha sifa za jumla kama vile "bora" na "maridhawa", wakapanga harufu katika duara, kila istilahi ikiwa na kitu halisi cha kuithibitisha. Miongoni mwa vitu hivyo mna karafuu na pilipili manga. Je, ni lugha gani iliyo karibu na karafuu kuliko Kiswahili?

Isitoshe, mzungumzaji aliyekula ndizi mbichi au bibo anaujua ukakasi, yaani ule ukavu unaoukwaruza ulimi, ambao katika mvinyo mwekundu husababishwa na tanini. Anajua uchachu wa ukwaju, harufu ya mdalasini, na chakula kilichokolea au kilicho chapwa. Kwa hiyo, mfasiri anayehangaika kulibunia jina tunda la Ulaya ambalo msomaji hajawahi kulinusa anapoteza juhudi. Heri aseme zambarau, yenye rangi nzito, utamu na ukakasi wake.

Huenda ikadaiwa kwamba kileo ni haramu kwa Waislamu, ambao wamekilea Kiswahili kwa karne nyingi. Imani hiyo yapasa kuheshimiwa. Hata hivyo, istilahi haimlazimishi mtu kunywa. Ukakasi huohuo ndio unaopimwa na waonjaji wa chai mjini Mombasa kabla ya mnada. Atakayesanifu istilahi za mvinyo atakuwa amezihudumia chai, kahawa na sharubati.

Suala hili si la anasa. Mkoani Dodoma, Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nao wakulima wake huzungumza Kiswahili shambani na sokoni. Mvinyo wao ukihukumiwa kwa istilahi za lugha wasiyoimudu, watapokea bei bila kuelewa kasoro iliyotajwa, na bila uwezo wa kuipinga. Anayekosa neno la kujitetea hushindwa kabla ya kesi kuanza.

Ni wajibu wa idara za Kiswahili, basi, kuacha kusubiri istilahi kutoka juu. Wanafunzi waandamane na waonjaji, wanuse, wakubaliane, kisha waandike. Kamusi inayofafanua ukakasi bila kumwonyesha msomaji bibo ni kama mpishi asiyeonja mchuzi wake.