KIJIJI KICHAGUE NJIA YAKE YA BAISKELI

Na Mganga Msaidizi wa Kijijini



Baiskeli ni mguu wa pili wa mwananchi wa kijijini. Hubeba madumu ya maji. Hubeba mahindi kwenda mashine. Humbeba mtoto kwenda kliniki na mgonjwa kwenda zahanati. Mwenye baiskeli hanunui petroli. Anakula ugali wake, anakanyaga pedeli, anafika.

Lakini tujiulize: baiskeli hiyo inapita wapi? Jambo hili hatulijadili. Tunajadili bei ya tairi, tunajadili fundi mzuri na fundi mbaya, lakini njia hatuijadili. Kila mtu anapita anapoona mwenyewe.

Maoni yangu ni haya. Kila kijiji kichague njia yake ya baiskeli, njia tulivu iliyo mbali na magari. Wananchi waitunze njia hiyo kama wanavyotunza kisima chao. Njia ya baiskeli ni jambo la afya, sawa na choo na maji safi.

USISHINDANE NA LORI

Wengi wetu hapa Kanda ya Ziwa tunaishi karibu na barabara za lami. Iko lami ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Iko lami ya kutoka Mwanza kwenda Shinyanga. Barabara hizi zina faida kubwa. Zinapeleka mazao sokoni, na zinapeleka wagonjwa hospitali. Lakini mabasi na malori hupita hapo kwa kasi, na mwenye baiskeli huachiwa ukingo mwembamba. Akisukumwa na upepo wa basi, yuko mtaroni.

Tufanye hesabu ndogo. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Baiskeli inayokwenda kilomita 12 kwa saa hukata mita 3 na kidogo tu. Ukitazama pembeni kwa sekunde mbili kumsalimu jirani, lori lililokuwa mita 35 nyuma yako limekwisha kukufikia.

Watu husema, "Njia ya lami ni fupi. Njia ya vilimani inazunguka." Ni kweli. Basi tuhesabu tena. Tuseme njia ya lami ni kilomita 8, na njia ya vilimani ni kilomita 10. Tofauti ni kilomita 2. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, kilomita 1 huchukua dakika 5. Kwa hiyo umeongeza dakika 10 tu, na penye kilima kikali labda 15. Je, maisha yako hayafikii thamani ya dakika 15?

KILIMA NACHO NI DAWA

Njia ya vilima ina faida nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ashughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Ukiendesha baiskeli nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, umezitimiza dakika hizo. Moyo hupata nguvu, mapafu hupanuka, na misuli ya miguu hukaza. Shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari, ambavyo watu walizoea kuviita magonjwa ya mjini, sasa vimefika vijijini pia. Baiskeli ni mojawapo ya kinga zake.

Lakini dawa ina kipimo chake. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu aulize kwanza katika zahanati. Kilima kikikushinda, shuka usukume. Kusukuma baiskeli si aibu. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, kaa kivulini, na mwombe mtu akufikishe kwa mganga. Chukua maji safi ya kunywa, na panda vilima asubuhi kabla jua halijawa kali.

NJIA NZURI NI IPI?

Njia zipo tayari. Ziko njia za ng'ombe, njia za kwenda mashambani na njia za kuzunguka vilima vya mawe. Kazi yetu ni kuchagua iliyo bora na kuitengeneza. Tunapochagua tuangalie mambo manne.

Kwanza, njia izunguke kilima, isipande moja kwa moja. Njia iliyonyooka kutoka juu hadi chini hugeuka mfereji wakati wa mvua. Mwaka wa kwanza ni ufa. Mwaka wa pili ni korongo, na gurudumu likiingia humo mtu anapinduka.

Pili, njia iepuke mbuga. Kila mkulima wa Usukuma anaujua udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na wakati wa masika hunata katika magurudumu mpaka hayazunguki. Tupite juu kidogo, penye kichanga.

Tatu, tuangalie vijito. Mtu akifika kwenye kijito huvua viatu, akabeba baiskeli na kuingia majini. Hapo ndipo kichocho humpata. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, hata ngozi isiyo na kidonda. Kanda yetu ina kichocho kingi. Magogo machache yaliyofungwa vizuri yakawa daraja yatawakinga watu wengi.

Nne, kama ni lazima njia ikate lami, ikate mahali pamoja tu. Mahali hapo pawe peupe, panapoonekana kutoka mbali pande zote mbili. Pasiwe kwenye kona wala mara baada ya mwinuko. Hapo kila mtu ashuke, atazame huku na huku, ndipo avuke kwa miguu.

Akina mama wawepo katika kuchagua. Wao ndio wanaopeleka watoto kliniki, na wanajua vizuri ni wapi pana kichaka cha kutisha na ni wapi pana mwembe wa kupumzikia. Wasichana nao wafundishwe kuendesha. Njia tulivu ni mahali pazuri pa kujifunzia.

KUPANDA NI JASHO, KUSHUKA NI HATARI

Njia ya vilimani haina malori, lakini ina hatari yake. Watu huogopa kupanda na kufurahia kushuka. Yafaa iwe kinyume. Anayepanda huchoka tu. Anayeshuka ndiye anayevunjika.

Kabla ya kuondoka, zikaze breki zote mbili uone kama zinashika. Tazama raba za breki. Zikiisha, chuma husuguana na chuma, na baiskeli haisimami. Raba mpya ni bei ndogo kuliko safari moja ya hospitali.

Ukianza kushuka, punguza mwendo ukiwa bado juu. Usingoje mpaka baiskeli imepata kasi. Tumia breki zote mbili pamoja, polepole. Ukiikamata ya mbele peke yake kwa ghafla, utarushwa juu ya usukani. Kama mteremko ni mrefu, simama katikati, breki zipoe. Mvua ikinyesha, rimu huwa na utelezi na breki hazishiki upesi. Basi shuka, utembee.

Mwenye mzigo mzito, kama gunia la mkaa au madumu manne ya maji, asishuke kilima akiwa amekaa kitini. Mzigo humsukuma kuliko breki zinavyoweza kumzuia. Ashuke, aishike baiskeli yake na kutembea kando.

Usiku, weka taa nyeupe mbele na kioo chekundu nyuma. Vaa nguo nyeupe. Ukiweza kupata kofia ngumu, ivae, kwa maana fuvu likipasuka halifungwi kiraka kama tairi.

MAJERAHA TUNAYOYAONA

Katika zahanati kuna jeraha moja linalorudi mara kwa mara. Mtoto amebebwa kwenye keria. Miguu inaning'inia. Njia ina mabonde, mtoto anayumba, na kisigino kinaingia katika spoku za gurudumu la nyuma. Ngozi yote hutoka, na wakati mwingine mfupa huvunjika. Kinga yake ni rahisi. Mwambie fundi afunge kipande cha ubao, au bati lililokunjwa kingo, kila upande wa gurudumu la nyuma. Weka pia kijiti cha kukanyagia miguu. Mtoto asiyeweza kujishika mwenyewe asikae kwenye keria peke yake.

Mtu akianguka na kupata kidonda, kiosheni kwa maji safi na sabuni. Damu ikitoka kwa wingi, kandamizeni kwa kitambaa safi. Msitie majivu, wala udongo, wala mavi ya ng'ombe. Humo mna vijidudu vya pepopunda. Mpelekeni zahanati akaangaliwe kama anahitaji chanjo. Mguu ukivunjika, msiuvute. Ufungeni kwa vijiti viwili ili usichezecheze. Aliyeumia kichwa, akitapika au akisinzia ovyo, apelekwe hospitali wakati huo huo.

Katika njia za vijijini wako pia mbwa wanaofukuza baiskeli. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda haraka ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huu dalili zikianza kwa mtu, hauponi.

TUSINGOJE TINGATINGA

Wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya Serikali. Tungoje tingatinga." Sikubaliani nao. Barabara kubwa ni kazi ya Serikali, na alama za barabarani ni haki yetu kuzidai. Lakini njia ya baiskeli ina upana wa mita moja na nusu. Huhitaji tingatinga. Huhitaji jembe, panga, sururu na umoja.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili. Halafu walichukua majembe wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi. Kazi ile waliifanya kwa mikono yao wenyewe.

Hata nchi tajiri hazikupata njia za baiskeli bure. Huko Uholanzi, mwaka 1971, watu zaidi ya 3,000 walikufa katika ajali za barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi hawakunyamaza. Waliandamana na kudai barabara zisiue watoto wao. Leo nchi hiyo inasifika duniani kote kwa njia zake za baiskeli, na watoto wengi huendesha wenyewe kwenda shule. Njia hizo zilipatikana kwa sababu watu walizisemea.

Basi, ndugu msomaji, nawe sema. Mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, nyosha mkono. Omba jambo hili liandikwe katika ajenda. Wachaguliwe watu watano au sita, wanawake na wanaume, na fundi baiskeli awe mmoja wao. Waipite njia yote kwa miguu, kutoka kijijini hadi zahanati na shule. Wahesabu makorongo, vijito na vichaka. Halafu itengwe siku moja ya kazi kabla ya masika na siku moja baada ya masika.

Siku mbili kwa mwaka si nyingi. Kukaa na mguu uliovunjika ni miezi mitatu, na shamba halimngojei mgonjwa.