Namba ya NIDA ya Nini Getini?

Ingia jengo lolote refu la ofisi katikati ya Dar es Salaam au Nairobi. Kabla hujaifikia lifti utakutana na meza, mlinzi na daftari. Daftari limepigwa mistari kwa rula: jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unatoka wapi, unamwona nani, saa ya kuingia, sahihi. Unajaza mstari wako, na kama una macho mepesi unakuwa umeshaisoma mistari ya waliokutangulia: mama aliyekuja kwa wakili, kijana aliyeitwa kwenye usaili, mtu aliyepanda kliniki ya ghorofa ya sita. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Daftari halijafungwa kwa chochote.

Toleo hili linahusu ulinzi wa taarifa binafsi, na waandishi wetu wameliendea jambo hilo kila mmoja kwa njia yake: benki, hospitali, shule, simu ya mkononi. Mimi naitumia nafasi ya mhariri kubishana jambo moja tu. Tumezoea kuuzungumzia wizi wa utambulisho kana kwamba chanzo chake ni uzembe wa aliyeibiwa. Redioni, kwenye mabango na kwenye ujumbe wa kampuni za simu, anayeonywa ni yule yule: usimpe mtu namba yako ya siri, usibofye usichokijua, kuwa makini. Maonyo hayo ni ya kweli, na huko mbele nitaongeza ya kwangu machache. Lakini anayezidai taarifa hizo haonywi. Haulizwi anazitakia nini, atazihifadhi wapi, ataziteketeza lini. Taarifa ambayo haikuchukuliwa haiwezi kuvuja, na sijui kufuli wala nywila iliyo imara kuliko hiyo.

Tuanze na laini za simu, maana kwetu utambulisho hauibiwi kama Marekani, ambako mwizi huchukua kadi ya mkopo kwa jina lako na kukuachia deni. Kwetu laini ndiyo pochi na ndiyo benki, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Anayeishika laini yako ameshika akiba yako, na ameshika pia sauti yako mbele ya ndugu na marafiki. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kuzisajili laini zote kwa alama za vidole, zikilinganishwa na kanzidata ya NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Wanaozikumbuka foleni za vitambulisho za wakati ule watawakumbuka pia vijana wa chini ya miavuli kando ya barabara, kila mmoja na kifaa chake cha kusoma kidole.

Nia ilikuwa kumnyima tapeli maficho. Tapeli akapata maficho mazuri zaidi: jina la mtu mwingine. Wakala asiye mwaminifu huchukua kidole cha mteja, hukunja uso, husema mtandao unasumbua, au kidole kina jasho, hebu weka tena. Mteja anaweka tena. Usajili wa kwanza ulikuwa umeshakubali. Huo wa pili ni wa laini nyingine, kwa jina lake, ambayo hataiona kamwe. Laini hiyo huuzwa. Siku itakapotumika kumlaghai mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake juzi, polisi wakifuatilia watabisha hodi kwa mwenye kidole. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imekuwa ikiwahimiza watu wapige *106# kuangalia ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Jambo jema. Ila tazama mzigo umeangukia wapi: aliyetoa kidole kwa amri ya serikali ndiye anayetakiwa kukilinda kila baada ya muda.

Halafu kuna ile meseji ambayo karibu kila mwenye simu nchini ameipata, ya kwamba ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Ilipoanza ilitegemea bahati. Katika maelfu wanaoipokea hakosekani mpangaji aliyekuwa anajiandaa kutuma kodi, au mzazi anayengoja kuambiwa ada ilipwe wapi. Sasa matapeli wengine wanakupigia wakikuita kwa majina yako matatu. Wameyapata wapi? Kwanza, mtu yeyote akiiandika namba yako kwenye huduma ya kutuma pesa, jina lako linatokea kabla hajathibitisha. Kinga hiyo iliwekwa ili tusitume kimakosa, na imetusaidia sana, lakini pia imeigeuza kila namba kuwa jina. Pili, sisi wenyewe. Sijui jamii nyingine inayoweza kushindana nasi kwa makundi ya WhatsApp ya michango ya harusi, ambamo mweka hazina hubandika kila jioni orodha ya majina, namba za simu na kiasi alichotoa kila mmoja, mbele ya watu ambao nusu yao hawajuani. Tapeli akiingizwa humo na shemeji wa mtu, ana orodha ya wenye uwezo na ya wenye ahadi ambazo bado hazijalipwa.

Namba ya NIDA nayo ina yake. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa piga simu huduma kwa wateja ya taasisi nyingi, useme umesahau namba ya siri. Utaulizwa majina kamili, namba ya kitambulisho na, ili kuhakikisha kwamba ni wewe kweli, tarehe ya kuzaliwa. Jibu la swali la tatu limo ndani ya jibu la pili. Aliyelipiga picha daftari la getini ana yote matatu, pamoja na namba ya simu. Kilichobaki ni kumpata mfanyakazi mmoja wa duka la simu anayekubali kutoa laini mpya kwa namba yako. Laini iliyo mkononi mwako inakufa ghafla, unadhani ni mtandao, na wakati unaizima na kuiwasha simu, ujumbe wa kuthibitisha miamala unaingia kwa mwingine.

Kenya walipata somo lao la madaftari Juni 2021. Msajili wa Vyama vya Siasa alipowezesha watu kuangalia mtandaoni kama ni wanachama wa chama chochote, Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Jina sahihi, namba ya kitambulisho sahihi. Lawama nyingi zilielekezwa kwenye vitabu vya mawakala wa pesa na vya walinzi wa milangoni, maana huko ndiko jina, kitambulisho, simu na sahihi hukaa mstari mmoja. Jambo hilo lilitokea katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, Ibara ya 31, inamlinda mtu asidaiwe bila ulazima taarifa za familia yake au mambo yake ya faragha. Waandishi wa ibara hiyo hawakungoja taarifa zifichuliwe ndipo waione kasoro. Kuzidai tu bila sababu, kwao, ni kosa tayari. Naitamani sentensi hiyo katika Ibara yetu ya 16, ambayo inalinda faragha kwa maneno ya jumla zaidi.

Programu za mikopo ya simu zimelipeleka daftari mbali zaidi. Unapakua, unaomba elfu hamsini, nayo inaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyahifadhi kwenye simu. Ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukuaibisha unakwenda kwa bosi wako, kwa mkweo, kwa fundi bomba. Hao hawakukopa na hawakuruhusu lolote. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa mchezo wa namna hiyo, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Zilizofungiwa hurudi na majina mapya, kila mtu anajua. Lakini hebu fikiri: kama simu isingeruhusu kabisa mkopeshaji asome orodha ile, biashara ya kuaibishana ingekosa malighafi.

Kwenye alama za mwili nina wasiwasi mkubwa zaidi, kwa sababu nywila iliyovuja inabadilishwa, ila jicho ni lile lile mpaka kaburini. Mwaka 2015 serikali ya Marekani, yenye wataalamu na fedha za kila namna, ilikiri kwamba wadukuzi waliingia katika ofisi yake ya utumishi, OPM, na kuondoka na alama za vidole za watu milioni 5.6. Hakuna fomu ya kuomba vidole vipya. Miaka minane baadaye, vijana wa Nairobi walipanga foleni katika jumba la mikutano la KICC ili mradi wa Worldcoin upige picha za mboni zao, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi elfu saba za huko. Siwacheki, mwezi ulikuwa mgumu na pesa ilikuwa ya kweli. Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Wapo watakaonijibu kwamba dawa ni teknolojia bora. Equifax, kampuni ya Marekani inayoweka kumbukumbu za mikopo, ilivujisha mwaka 2017 taarifa za watu wapatao milioni 147, nayo kazi yake yote ni kutunza kumbukumbu. Mlango ulioachwa wazi ulikuwa kasoro ya programu ambayo marekebisho yake yalishatolewa miezi kadhaa kabla, hayakuwekwa tu. Wengi wa waathirika hawakuwahi kuipa kampuni hiyo chochote wenyewe. Walikuwa makini au wazembe, matokeo yalikuwa yale yale.

Na hoja ya ulinzi? Siidharau, si katika Dar es Salaam na Nairobi, ambako balozi za Marekani zililipuliwa asubuhi moja, tarehe 7 Agosti 1998. Jengo lina haki ya kukagua mabegi na kumjua anayeingia. Ila daftari halimjui yeyote. Halilinganishwi na kitu. Mwenye nia mbaya huandika jina la babu yake na namba ya kubuni, na mlinzi humkabidhi kadi ya mgeni. Anayeandika ukweli ni yule asiye na cha kuficha, na ukweli wake ndio unaobaki mezani.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, na zisikae kuliko muda unaohitajika. Sehemu kubwa ya kazi inayoonekana hadi sasa ni kuwasajili wakusanyaji na wachakataji. Ni hatua ya lazima, lakini ofisi inaweza kutundika cheti cha usajili ukutani na chini yake likawepo daftari lile lile. Ningependa Tume ianze na vitu vya aibu ndogo ndogo: ipige marufuku namba za vitambulisho kwenye vitabu vya wageni, iweke ukomo wa siku ambazo kitabu kinaweza kukaa, ikague stesheneri, ambako vyeti na vitambulisho vyetu vilivyotumwa vichapishwe hubaki kwenye kompyuta ya dukani miezi na miezi, na iulize fomu za taasisi zinaishia wapi, maana si ajabu hadi leo kununua karanga zilizofungwa kwenye nakala ya maombi ya mkopo ya mtu mwenye jina na sahihi.

Kwa msomaji, wakati hayo yakisubiriwa: piga *106# leo. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipeleke 15040. Ukitoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, ukikatiza picha, ni ya kazi gani na tarehe gani, ili isifae kwa kazi nyingine. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako usimtumie hata anayejiita dada yako na kudai zimekujia kimakosa. Ndizo ufunguo wa akaunti, na kesho yake akaunti hiyo itawakopa marafiki zako wote. Ukiwa getini, uliza kwa upole namba ya kitambulisho ni ya nini. Mara nyingi mlinzi hajui, na mara nyingi ataruka safu hiyo bila ugomvi.

Mmoja wa waandishi wa toleo hili, ambaye amefanya kazi ya mikopo midogo kwa muda mrefu, aliisoma rasimu ya ukurasa huu na kuikataa. Anasema wenye kuogopa kuandikwa ni watu ambao tayari wana akaunti na hatimiliki. Mama wa genge, asiye na kumbukumbu yoyote ya kuonyesha kuwa hulipa madeni yake, anahitaji kuandikwa zaidi, sio pungufu, la sivyo atarudi kwa wakopeshaji wa kausha damu. Bado sikubaliani naye, lakini hoja yake imenisumbua kuliko nilivyotarajia, na makala yake ndiyo inayofuata.