Hela ya Ufundi

Shokapu tunainunua bila kubisha. Muuza spea wa Gerezani akisema moja ni 150,000, tunatoa simu, tunatuma. Fundi akitaja 30,000 ya kuifunga, ghafla kila mtu mtoto wa mjini: "Mkuu, si kufungua nati tu?"

Si nati tu. Springi inabanwa kwanza kwa kibanio chake. Ikichomoka inavunja taya. Bushi za mpira zinakazwa gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, zinajipinda na kuchanika mapema. Halafu alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Nawasikia wenzangu, wengi wana digrii, wakiita bei hiyo wizi. Mafundi wezi wapo, nawajua, wale wa kukubadilishia bushi ambayo haijafa. Lakini huyu ukimshusha mpaka 15,000, naye atapunguza usipopaona: haazimi kibanio, anaifunga springi kwa waya. Na anayeishikilia ni yule kijana wa miaka 17 anayejifunza kazi, ambaye kwenye hiyo 15,000 hana hata ya chapati.